Damu ya Baba Zetu na Moyo wa Watoto Wetu

Somo: Yohana 9:1-7, Ezekieli 18:1-4

  Leo sitapaza sauti. Mama mchungaji ameniomba nihubiri neno hili nikiwa nimeketi, nami nimemtii.

Kuna maneno yanayotembea kanisani kwetu. Dada mmoja alimuuliza mke wangu sokoni, mbele ya watu: «Ni kweli mtoto wa mchungaji anakunywa dawa kila asubuhi, na baba yake anatuwekea sisi mikono?» Mke wangu alirudi nyumbani akilia. Basi nijibu hapa, ili mtu asimwulize tena. Ndiyo, ni kweli. Mtoto wangu wa tatu, mwenye miaka 14, anameza kidonge kila asubuhi. Ninampa mimi mwenyewe. Ninamwekea mkono kichwani, ninaomba, kisha ninampa kidonge na kikombe cha maji. Na kuna jambo ambalo dada yule hakulijua: mezani kuna vidonge viwili. Cha pili ni changu.

Nianze mbali kidogo. Baba yangu alikufa nikiwa na miaka 9. Alikuwa na miaka 38, mtu mwenye nguvu, alikuwa akipandisha mzigo toka ziwani. Alikaa kando ya njia kama mtu anayepumzika, na hakusimama tena. Nilipokuwa na miaka 22, nimetoka kumaliza mwaka wa kwanza katika chuo cha Biblia, mdogo wangu alianguka akicheza mpira. Alikuwa na miaka 19. Hakugongwa na mtu. Alikuwa akikimbia, akaanguka kifudifudi, na wenzake walidhani anacheka.

Ninyi wa Bukavu mnajua kilichofuata. Hata maiti haijazikwa, neno lilikuwa limekwisha kuzunguka kwenye kilio: karuho. Nani alimpikia jana? Shangazi yangu, dada ya baba, mjane aliyekuwa akikaa uani kwetu, ndiye aliyempelekea bugali na samaki ile jioni. Wakaunganisha: ndugu yake alikufa, sasa mtoto wa ndugu yake amekufa, na yeye mzee yuko hai. Mtumishi mmoja katika chumba cha maombi akasema ameonyeshwa mwanamke mzee ameshika chungu. Wakanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa nimesoma Neno. Nilifungua Kutoka 20, pale Mungu anaposema juu ya uovu wa baba na watoto mpaka kizazi cha tatu na cha nne, nikawaambia kwamba kuna laana katika jamaa na mlango wake lazima ufungwe. Shangazi akaondoka kwenda Walungu na beseni moja na mkeka. Mlango wa ua niliufunga mimi, kwa mkono huu.

Hiyo ni miaka 24 iliyopita. Katika miaka hiyo nimehubiri mara nyingi juu ya laana za ukoo. Wengine wenu mlipokea karatasi za mahubiri hayo. Sisemi yote niliyosema yalikuwa uongo. Nasema kwamba juu ya jamaa yangu mwenyewe nilikosea, na kosa hilo lilitaka kuniulia mtoto.

Mwaka jana mtoto wangu alizimia shuleni wakati wa mbio. Akaamka, akacheka, tukashukuru Mungu. Nilifanya nini? Nilimfungisha siku tatu pamoja nami, kufunga kavu, bila chakula na bila maji. Siku ya nne alizimia tena, akipanda ngazi za kwetu. Mimi nilikuwa nimekwenda kwenye semina. Mama yake hakuniuliza. Alisimamisha motari, akampeleka hospitali.

Munganga alisikiliza kifua chake kwa muda mrefu, kisha akamwuliza mke wangu neno moja: «Katika jamaa ya baba yake, kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana?» Wapendwa, swali hilo limenifuata mpaka leo. Manabii wote waliopita nyumbani kwetu waliuliza nani alipika. Hakuna aliyeuliza wale waliokufa walikuwa wakifanya nini walipoanguka. Baba alikuwa akipandisha mzigo. Mdogo wangu alikuwa akikimbia. Mtoto wangu alikuwa akikimbia.

Walimwekea nyaya kifuani wakaandika mapigo ya moyo kwenye karatasi, kisha wakapiga picha ya moyo, ile ekografi, kama wanayowapiga mama wenye mimba, lakini kifuani. Wakaona ukuta wa moyo wake ni mnene kupita kiasi. Munganga alinieleza hivi, nami nitawaeleza kama nilivyoelewa. Moyo ni msuli unaosukuma damu. Kwa watu wengine msuli huo unakuwa mnene, chumba cha ndani kinabaki kidogo, na damu inapata shida kupita. Nyuzi za msuli zimepangika vibaya, kwa hiyo siku moja mtu akikimbia, au hata akipumzika, mapigo yanaweza kuchanganyika, moyo ukatetemeka bila kusukuma kitu. Hapo mtu anaanguka. Anaweza kuwa hakuugua hata siku moja. Wengi wanaishi nao mpaka uzee bila kujua. Wengine wanapata dalili: kuzimia wakati wa kukimbia au kubeba, kifua kuuma, pumzi kukatika, moyo kwenda mbio bila sababu.

Na ugonjwa huu mara nyingi unarithiwa. Si wa ajabu wala si wa jamaa yetu peke yake. Waganga wanasema mtu mmoja hivi katika 500 anao, duniani kote, kwa weupe na kwa weusi. Mzazi akiwa nao kwa kurithi, kila mtoto wake ana nafasi moja kwa mbili ya kuupokea. Zamani ningesema ni kama kurusha sarafu, lakini siku hizi franka zetu zote ni za karatasi, hatuna cha kurusha. Elewa hivi: kila mtoto anapigiwa kura yake mwenyewe. Usiseme wawili wamekwisha kuupata kwa hiyo wa tatu amepona. Wala usiseme huyu anafanana na mama, hana shida. Sura haionyeshi moyo.

Ndipo munganga aliponiita mimi. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nililala kwenye kitanda kile, nikaona moyo wangu ukicheza kwenye kioo. Ukuta wake ni mnene pia, si kama wa mtoto, lakini upo. Baba alinipa mimi, nami nikampa mtoto. Shangazi hakumpa mtu kitu isipokuwa bugali na samaki.

Ninyi vijana mnaopenda mpira mnalijua jina la Marc-Vivien Foé wa Kameruni. Tarehe 26 Juni 2003, kule Lyon, Kameruni ikicheza na Kolombia, alianguka katikati ya uwanja, hakuna aliyemgusa. Alikuwa na miaka 28. Walipoupima mwili wake walikuta ugonjwa huu ninaousema, moyo mnene wa kurithi. Alikuwa na waganga wa timu, alikula vizuri, alikimbia kuliko sisi wote. Angekuwa mtoto wa Kadutu, kuna mama mzee ambaye angelala nje usiku ule.

Sasa tuje kwenye Neno. Katika Yohana 9 wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza ni la kutafuta mkosaji: yeye, au wazazi wake? Angalieni, hawakumwuliza yule kipofu jina lake. Hawakumwuliza anaishije. Wanataka tu kujua kosa ni la nani. Na Bwana anakataa majibu yote mawili. Kisha anafanya jambo ambalo katika mahubiri yetu tunalipita haraka: anatema mate, anafanya tope, anampaka, anamtuma kunawa Siloamu. Angeweza kusema neno tu. Alichagua tope, maji na mwendo wa kutembea. Mimi sitamfundisha Bwana namna ya kuponya.

Mtu ataniambia, «Mchungaji, na Kutoka 20?» Ndiyo, nimeisoma, tena niliitumia vibaya. Pale Mungu anasema na watu wanaoabudu sanamu na kumchukia, na palepale anaongeza rehema kwa maelfu. Mimi nilisoma nusu. Baadaye Israeli walifanya mithali juu ya baba waliokula zabibu chungu na meno ya watoto yakaumia, na katika Ezekieli 18 Mungu mwenyewe anawakataza kuitumia tena. Kurithi mwili ni jambo moja, kurithi hatia ni jambo lingine. Mtoto wangu amerithi pua yangu, sauti yangu, na ukuta wa moyo wangu. Hakurithi dhambi ya mtu aliyekula karamu kwa mizimu huko Walungu kabla hajazaliwa.

Nafikiri lugha yetu pia inatuchanganya. Huku kwetu tunasema «roho inanipiga», «roho inaniuma», na mkono tunauweka kifuani kwenye moyo. Basi mtu akisema ana ugonjwa wa roho, sisi tunasikia pepo. Labda anataka tu kutuambia kwamba moyo unaenda mbio.

Kuna wale wanaoshika 2 Nyakati 16, mfalme Asa aliyeugua miguu akatafuta waganga. Someni toka juu. Asa alikuwa amemfunga gerezani mwonaji wa Mungu kwa sababu alimwambia ukweli. Kosa lake ni kwamba hata katika ugonjwa hakumtafuta Bwana. Hezekia naye aliomba akilia, Mungu akamwongezea miaka 15, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ilikuwa imekwisha kutoka, na tini ziliwekwa. Luka alikuwa munganga, na Paulo anamwita mpendwa.

Tena sisi Wapentekoste wa Kivu ya Kusini hatuna sababu ya kuogopa hospitali. Wamisionari toka Uswidi waliotuletea Injili hii walijenga makanisa, wakajenga na hospitali Lemera. Panzi mnayoijua wote ni ya ndugu zetu wa CEPAC. Daktari Mukwege aliyeianzisha mwaka 1999 ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste hapahapa Bukavu, na yeye mwenyewe anahubiri. Amesimulia mara nyingi kwamba akiwa mtoto alimfuata baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Baba aliomba, wakaondoka. Njiani akamwuliza baba kwa nini hakumpa mtoto dawa kama alivyompa yeye alipougua. Baba akajibu kwamba yeye si munganga. Hapo mtoto akaamua: baba ataomba, mimi nitatoa dawa. Mzee yule hakukasirika, wala hakuona aibu kusema kazi yake inaishia wapi. Sisi wachungaji wa leo tunaona aibu hiyo.

Mkumbukeni na Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa. Tarehe 17 Machi 2012 alikuwa akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham kule London, miaka 23, moyo ukasimama. Sisemi ugonjwa wake ni ule wa jamaa yangu. Dakika 78 moyo wake haukupiga wenyewe. Munganga wa moyo aliyekuwa amekuja tu kutazama mpira alishuka toka jukwaani akaingia uwanjani. Walimkandamiza kifua, wakampiga umeme mara 15. Wakati huohuo watu wengi waliomba, hata wachezaji wa timu nyingine walivaa fulana za kumwombea. Aliishi. Aliacha mpira, akawekewa chombo kifuani cha kuulinda moyo, na anamshukuru Mungu waziwazi. Hakuna Mkristo aliyewaambia wale waliokuwa wakimkandamiza waondoe mikono ili imani ionekane.

Basi nyumbani kwetu tunaishi hivi. Kidonge kinapunguza mbio za moyo, ili upate nafasi ya kujaa damu kabla ya kusukuma. Hakiondoi ugonjwa. Munganga alituambia tusikiache ghafla, hata kama mtoto anajisikia mzima. Mpira wa mashindano umekwisha, na hilo lilimwuma kuliko kidonge. Wiki mbili hakusema nami. Sasa anaandika magoli ya wenzake katika daftari na anagombana na mwamuzi kutoka kando. Katika kwaya anaimba, lakini wakati wa kuruka anakaa kwenye ngoma ndogo. Mkimwona ameketi wakati wenzake wanacheza mbele za Bwana, msimwambie amepoa.

Juu ya kufunga, nataka mnisikie vizuri, kwa sababu hapa mimi ndiye mkosaji. Mwili usio na maji ni hatari kwa moyo wa namna hii. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye tansio, mwenye sukari, mama mwenye mimba, asifunge kavu. Aongee kwanza na munganga wake. Kama anafunga, anywe maji na dawa yake. Kanisani kwetu hakuna tena kufunga kavu kwa watoto.

Na lile la kutupa vidonge madhabahuni wakati wa ushuhuda, tumeliacha. Najua mnalipenda. Mimi pia nililipenda, watu wanapiga vigelegele. Lakini wale wenye ukoma kumi katika Luka 17 Bwana aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ndio waliokuwa na kazi ya kuangalia kama ngozi imepona. Ukiamini Mungu amekugusa, mwache munganga apime. Akikuta umepona, yeye mwenyewe atakuondolea dawa, nasi tutapiga vigelegele mara mbili. Nimemzika mama mmoja aliyeacha dawa ya tansio baada ya kuombewa. Niliyemwombea ni mimi.

Moyo mnene si ugonjwa pekee unaotembea katika jamaa. Kuna jamaa ambazo tansio inawashika karibu wote. Kuna jamaa ambazo mafuta katika damu ni mengi toka kuzaliwa, hata kwa mtu mwembamba, na mishipa inaziba mtu akiwa bado kijana. Kuna ambazo mshipa mkubwa unaotoka moyoni unapanuka mpaka unapasuka. Sitaingia humo, mimi si munganga. Kwa yote, swali la kwanza ni lilelile: nani katika jamaa alianguka, akiwa na umri gani, akifanya nini?

Na hapo nirudi kwa shangazi yangu.

Nilikwenda Walungu mwezi wa nane. Nilipiga magoti mlangoni pake, mtu mzima wa miaka 46, majirani wakitazama. Nilimwambia yote, moyo wa mtoto, moyo wangu. Alinyamaza. Kisha akaniuliza kama mtoto anakula vizuri. Baadaye akaanza kuhesabu kwa vidole. Baba yake mdogo, alianguka shambani akikata migomba, hakuwa na ndevu nyingi. Mtoto wa huyo, alianguka akivuka mto, wakasema alisukumwa. Na kila mara, akasema, kuna mwanamke aliyefukuzwa: mara mke, mara mama wa kambo, «mara mimi». Nilikuwa na daftari, nikaandika. Munganga alipoliona alisema hilo lingemsaidia siku ya kwanza. Wapendwa, tulimfukuza mtu pekee aliyekumbuka vifo vyetu.

Nilimwomba arudi Kadutu. Alikataa. Alisema, «Mlango ule uliufunga wewe. Mimi nimezoea huku.» Akanipa maharagwe nimpelekee mtoto. Sijui kama hayo ni msamaha, na sikumwuliza. Mwezi ujao nitarudi na mtoto, kwa sababu ameomba kumwona, na kwa sababu yeye pia, na miaka yake, anastahili kupimwa.

Alhamisi hii, baada ya maombi ya mchana, nitabaki kanisani. Kama katika jamaa yenu kuna aliyeanguka ghafla kabla ya uzee, njoni, na mje na bibi zenu na shangazi zenu, hata yule ambaye hamsemi naye. Leteni daftari. Tutaandika majina, kisha watoto wa jamaa hizo tutawasindikiza hospitali, wapimwe mapigo na picha ya moyo. Na akikutwa mzima leo munganga atawaambia lini arudi, maana ukuta huu unaweza kunenepa mtoto anapokua. Mashemasi wameanza kuweka sadaka kando kwa wale wasio na uwezo wa kulipa.

Sasa kila mmoja aweke mkono kifuani. Mwenye mgonjwa pembeni yake amwekee yeye. Tuombe.